Daraja la Tatu Lililofika Mbali Kuliko Yote

Kwetu Mvita, ndiyo Mombasa, neno "chuo" lilikuwepo karne nyingi kabla ya chuo kikuu. Mtoto wa Kibokoni akihimizwa kwenda chuoni, hafikirii shahada. Anafikiria juzuu, mkeka, na mwalimu mwenye sauti ya kusikika hadi Ndia Kuu. Wahenga walilitumia neno hilohilo kwa kitabu chenyewe: chuo ni kitabu, na panaposomwa kitabu pakaitwa chuoni. Kwa hiyo hunichoma nisikiapo mtu akisema kwamba Pwani haikupenda elimu. Mapenzi yalikuwepo. Mlango ndio uliokuwa mwembamba, na funguo zake zilishikwa na wengine.

Kisiwa chetu unaweza kukizunguka kwa tuktuk kabla ya adhuhuri. Hata hivyo, watu wakiketi barazani na kuulizana nani wa kwanza, nani wa mwisho, nani aliyefika mbali zaidi, dele la kahawa huisha na kujazwa tena kabla hawajaelewana. Nimezikusanya baadhi ya rekodi hizo, zile zinazohusu jambo moja linalonisumbua kwa miaka: nani huchaguliwa kusomeshwa, kwa jicho la nani, na mji hufaidi nini kwa uchaguzi huo.

Aliyetangulia kupelekwa ng'ambo

Katika majina yaliyosalia kwenye historia ya Mvita, mwanafunzi wetu mkongwe zaidi wa ng'ambo ni mtoto wa mfalme. Yusuf bin Hasan alikuwa mdogo babake, Sultani Hasan, alipouawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Mtoto akachukuliwa hadi Goa, makao makuu ya Wareno upande wa Bara Hindi, akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino. Walimbatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, wakamfunza lugha yao, dini yao na vita vyao. Mwaka 1626 wakamvika taji la Mombasa.

Ulikuwa mpango wa uteuzi uliopimwa vizuri: mchukue mrithi, mlee nyumbani kwako, kisha mrudishe kwao akutawalie. Waingereza waliokuja baadaye waliwasomesha watoto wa wakubwa kwa hesabu hiyohiyo. Ila Agosti 1631 Yusuf aliingia Ngome ya Yesu na watu wake, nahodha wa Kireno akauawa, na Wareno wa mjini wakafuata. Alirudi kwenye dini ya babake na jina lake. Mwaka uliofuata aliiacha ngome akaingia baharini, na mwaka 1638 akafa mbali na Mvita. Wareno walikuwa wamempa kila walichokijua, wakadhani shukrani itakuja yenyewe kama maji kujaa.

Mbegu mbili za mwaka mmoja

Mwaka 1903 una rekodi mbili, moja kila upande wa maji ya Mji wa Kale.

Upande wa kisiwani ilifunguliwa maktaba ya Seif bin Salim, pamoja na chumba chake cha kusomea bila malipo. Wanaoandika historia ya maktaba nchini huiweka mwanzo kabisa wa orodha ya maktaba za umma. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilikuja mwaka 1931, miaka 28 baadaye, na kwa miongo miwili na zaidi iliwahudumia Wazungu peke yao. Nairobi yenyewe, mwaka 1903, ilikuwa bado kambi ya reli inayojifunza kuwa mji.

Upande wa pili, Frere Town, katika makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, ilianza shule ya kuwafundisha wachungaji. Mwaka 1930 shule hiyo ilihamishiwa Limuru, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mizizi yake, basi, iko kwetu, na matunda yake huchumwa bara. Anayepita kwenye kengele ya zamani ya Frere Town akielekea Nyali amepita pahali ambapo elimu ya juu ya Kenya ilipiga hatua zake za utotoni.

Chekeche la rangi

Shule za serikali na za jamii zilipofunguliwa kisiwani, chekeche la kwanza halikuwa mtihani. Lilikuwa asili ya mzazi. Shule ya Waarabu ya serikali ilifunguliwa mwaka 1912. Wahindi walikuwa na zao, na iliyo maarufu zaidi, Allidina Visram, ilifunguliwa mwaka 1923 kwa kumbukumbu ya tajiri aliyefariki 1916 baada ya kutandaza maduka yake kutoka pwani hadi Uganda. Waafrika walielekezwa kwenye shule za misheni. Watoto wa mtaa mmoja, waliocheza uwanja mmoja wa Makadara, waliachana njia asubuhi kwa sababu karatasi za serikali ziliwaita majina tofauti. Uswahilini kwenyewe swali la nani ni Mwarabu na nani si Mwarabu lilizua ugomvi mkali, maana jibu lake liliamua dawati la mtoto.

Mtu aliyelia na hali hiyo kwa maandishi mapema kuliko wengi ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na 1932 akaanzisha Al-Islah, miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya Waislamu wa Afrika Mashariki. Huyu alikuwa mwanachuoni wa dini aliyesoma kwa mashekhe wa Mombasa na Unguja, na toka 1937 hadi kifo chake 1947 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Lakini aliwahimiza wenzake wasiiogope elimu ya kisasa, na wasiwape watoto cheti wakawanyima dini, wala dini wakawanyima cheti. Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Unguja, walikuja kukikalia kiti hichohicho cha Kadhi Mkuu. Sijaona darasa jingine la barazani Mombasa lililotoa Makadhi Wakuu wawili mfululizo. Halikuwa na hati ya serikali, halikuwa na kamati ya udahili. Mwalimu alimjua mwanafunzi wake kwa miaka, akamsikia akikosea, akamrekebisha, na hapo ndipo akamchagua.

Daraja la tatu lililofika mbali kuliko yote

Sheikh al-Amin alikuwa na kijana aitwaye Ali, aliyezaliwa Februari 1933. Baba alitaka mwanawe aende Azhar, Misri, awe mwanasheria wa Kiislamu. Baba akafariki kijana ana miaka 14, na mpango ukafa naye.

Ali akafanya mtihani wa Cambridge mwaka 1949. Akapata daraja la tatu.

Inafaa kueleza chekeche la wakati ule lilivyokuwa, kwa sababu sidhani limewahi kuwapo jingine lenye matundu madogo kama hayo katika historia yetu. Kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zote, chuo cha elimu ya juu kilikuwa kimoja: Makerere. Anayetoka Kisumu, anayetoka Songea, anayetoka Wete na anayetoka Mji wa Kale, wote waligombea viti vilevile vichache. Daraja la tatu halikukufikisha hata mlangoni. Ali Mazrui akakataliwa, akawa karani, kisha akapata kazi katika chuo kipya cha ufundi pale Tudor, akiwa msimamizi wa bweni. Kwa hesabu za serikali ya siku zile, huo ulikuwa mwisho wake wa kusoma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 chuo kile kilifanya Maulidi, na kijana akapewa nafasi ya kuhutubia. Miongoni mwa wageni alikuwapo Gavana, Sir Philip Mitchell. Gavana akamsikia, akavutiwa, akataka kumjua, na kutokana na usiku ule ikapatikana njia ya kumpeleka Uingereza kusoma. Alianzia Huddersfield akikamilisha masomo ya sekondari aliyokuwa ameshaambiwa hayawezi. Mwaka 1960 akachukua shahada ya kwanza Manchester kwa alama za juu, 1961 ya uzamili Columbia, New York, na 1966 ya uzamivu Oxford.

Na rekodi yenyewe ni hii: mwaka 1965, kabla hata Oxford haijamkabidhi uzamivu wake, Makerere ilimpa uprofesa wa sayansi ya siasa. Makerere ileile iliyomkataa. Kutoka kukataliwa kuwa mwanafunzi hadi kuwa profesa wa chuo hichohicho, kabla ya kufikisha miaka 33! Akawa mkuu wa idara, akawa mkuu wa kitivo, mpaka utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke mwaka 1973. Akahamia Michigan, kisha Binghamton katika jimbo la New York. Mwaka 1986 BBC na PBS walirusha mfululizo wake wa televisheni kuhusu urithi wa Afrika wa mikondo mitatu, na mwaka 2005 majarida mawili, la Uingereza na la Marekani, yakamweka katika orodha ya wasomi 100 wenye ushawishi mkubwa duniani. Mwaka 2003 Kenya ikamteua mkuu wa heshima wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kiti ambacho kabla ya hapo vyuo vya umma vilimwekea Rais wa nchi.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa furaha, na mimi hufurahi nao. Lakini kila nikikirudia huniuma pahali. Ali Mazrui aliokolewa na Maulidi. Aliokolewa na bahati ya gavana kukaa pahali fulani usiku fulani, na kijana kupangiwa dakika chache za kusema. Wangapi walipata daraja la tatu mwaka ule, wakiwa na akili kama ile, na usiku wao wa Maulidi hakuja mgeni yeyote? Hao ndio walioandika stakabadhi za forodha, wakapima magunia Kilindini, wakasomesha watoto wa jirani kwa ada ya kikombe cha sukari, wakazikwa na vipaji vyao. Mji hauna hesabu yao.

Chuo kilichobadili majina zaidi

Chuo kile cha Tudor kina rekodi yake. Kilianza kuratibiwa mwaka 1948 kama Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, na wenyeji wakakiita kwa kifupi cha Kiingereza, MIOME, kama neno la Kiswahili. Fedha zake zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Harub, aliyekuwa bado na bendera yake juu ya Ngome ya Yesu, na kwa Aga Khan, na kwa jamii ya Mabohora, na kwa serikali ya Uingereza. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Walisomea umeme, mitambo, useremala na ubaharia, na walikuja kutoka pande zote za Afrika Mashariki. Majengo yake ya kuba na matao bado yanasimama, na kwa macho yangu hakuna chuo kizuri zaidi kwa sura katika pwani yetu yote.

Mwaka 1966, baada ya uhuru, kikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, mlango ukafunguliwa kwa dini zote. Mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa. Mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Januari 2013 kikapata hati, kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Majina matano, kiwanja kimoja, na mwendo wa miaka 62 tangu mwanafunzi wa kwanza aingie.

Hiyo miaka 62 ndiyo rekodi chungu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama kwa miguu yake mwaka 1970. Pwani, yenye mji wa pili kwa ukubwa nchini, ilingoja miaka 43 zaidi kupata chuo kikuu kamili cha umma chenye makao yake huku. Hicho cha Tudor na chuo kikuu cha Kilifi vilipata hati mwezi mmoja. Katikati ya kungoja, kijana wa Bondeni aliyekuwa fundi hodari alipewa stashahada, na akitaka shahada alipanda treni ya usiku kwenda Nairobi, kama familia ina nauli na pahali pa kufikia.

Mwaka 1991 wachumi watatu wa Marekani, Kevin Murphy, Andrei Shleifer na Robert Vishny, walilinganisha nchi nyingi duniani wakatazama vijana wenye akili huelekezwa kusomea nini. Waliona kwamba nchi ambazo sehemu kubwa ya wanafunzi wa vyuo husomea uhandisi zilielekea kukua haraka zaidi, na zile zilizojaza wanasheria zilielekea kubaki nyuma. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu nini kinasababisha nini. Ila waliochanga kujenga MIOME wangewaelewa mara moja. Waliweka mashine mbele ya vijana miaka 40 kabla ya utafiti ule, katika mji wenye meli, karakana na reli. Kilichokosekana baadaye ni nchi kuheshimu mkono wenye grisi sawa na mkono wenye kalamu. Chekeche letu lilimpeleka mwenye alama za juu kwenye sheria na utawala, na ufundi ukaachiwa waliosalia, kana kwamba kreni ya bandarini haihitaji akili.

Na bandari haikungoja. Mwaka 2024 Mombasa ilipitisha zaidi ya makontena milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, mara ya kwanza tangu kontena lijulikane Kilindini. Ubaharia uliofundishwa Tudor enzi za MIOME ulikuja kupata chuo chake cha kitaifa mwaka 2018 tu, serikali ilipoanzisha Chuo cha Ubaharia cha Bandari kutokana na kilichokuwa chuo cha mafunzo cha bandari. Kwa watu ambao majahazi yao yalikuwa yakifika Maskati na Malabari kwa pepo za msimu, hiyo ndiyo shule iliyochelewa kuliko zote.

Mhadhiri aliyesomea Kamiti

Abdilatif Abdalla alizaliwa Kuze mwaka 1946. Masomo yake ya darasani yalikuwa mafupi, na alikuwa karani wa hesabu katika baraza la mji alipoandika kijikaratasi cha kuuliza Kenya inaelekea wapi. Kilimtia jela ya Kamiti miaka mitatu, toka 1969 hadi 1972, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mashairi aliyoyaandika humo kwenye karatasi za chooni yakachapishwa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na 1974 yakashinda tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Akafanya kazi chuoni Dar es Salaam, kisha London, kisha Leipzig kule Ujerumani hadi alipostaafu 2011. Chekeche la shule lilimpita. Ushairi wa Kimvita, ule wa malenga Muyaka, aliufundishwa nyumbani na barazani, na vyuo vikuu vitatu vya dunia vikamhitaji kwa ajili ya hicho hasa.

Machekeche ya leo

Mwaka 2016 chekeche la taifa lilikazwa ghafla: waliopata A katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, walishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia hadi 141 nchi nzima, na waliofikia C+ ya kuingilia chuo kikuu wakawa 88,929. Mwaka 2024 waliofikia C+ walikuwa 246,391, karibu robo ya watahiniwa. Nambari hizo hupanda na kushuka kama maji ya Tudor, na mtoto anayekaa na C ya kawaida Majengo au Kibokoni ndiye daraja la tatu la siku hizi.

Kisiwani hapohapo ipo rekodi nyingine ya uteuzi. Akademia ya kwanza kati ya zote za Aga Khan duniani ilifunguliwa Mombasa mwaka 2003, kabla ya Hyderabad na Maputo. Karo yake ni ya wachache. Lakini wanaoiendesha hutoka kwenda kwenye shule za serikali za pwani kutafuta watoto wenye vipawa na kuwasomesha kwa ufadhili. Kwangu hilo ndilo la kuigwa zaidi kuliko majengo yake, kwa kuwa anayetafuta hutoka nje kumfuata mtoto; hangoji mtoto amhutubie gavana.

Na aliyetafuta mapema kuliko wote alianza na watoto wasiojua kushika penseli. Miaka ya 1980, Waislamu wa Pwani walipolalamika kwamba watoto wao huingia darasa la kwanza wakiwa nyuma, mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, aliongoza kazi ya kuweka shule ya chekechea ndani ya madrasa, kwa vifaa vya pwani: makuti, kome, vifuu vya nazi, hadithi za Kiswahili. Mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Sijui kama kuna Mmombasa mwingine aliyeingiza watoto wengi zaidi kwenye njia ya elimu bila jina lake kutajwa barazani. Wanawake huachwa nje ya hesabu za namna hii, na mimi pia ningemsahau kama mamangu asingenikumbusha. Chuo cha Tudor chenyewe kilikuja kuongozwa na mwanamke, Profesa Laila Abubakar, mtaalamu wa biokemia, naibu chansela wa kwanza wa kike tangu kipate hati.

Safari fupi zaidi

Oktoba 2014 mwili wa Ali Mazrui uliletwa kutoka Marekani ukazikwa kwenye makaburi ya Wamazrui, Mji wa Kale, mbele ya Ngome ya Yesu. Kati ya kaburi lake na lango alilopitia Yusuf bin Hasan Agosti 1631 pana barabara moja, wauza madafu, na tuktuk zinazosubiri watalii. Wote wawili walipelekwa ng'ambo na watawala wa kigeni. Yusuf hakuzikwa kwao. Jioni, wanafunzi wa Tudor wanaoteremka mjini hukatiza pale katikati, mikoba mgongoni, wakielekea Mama Ngina kupunga upepo, na baadhi yao wana daraja ambalo halikumpendeza mtu.